Vyungu Vitatu vya Kitinda

Jumatatu, tarehe 4
Daftari, salamu nyingi. Mimi mzima. Baba watoto mzima, kikohozi tu. Bibi mzima, anakusalimu. Kuku wazima wote. Kitinda, binti yangu wa mwisho, mzima ila roho juu. Baada ya salamu: Fundi wa vyungu anayemfundisha kasema Jumamosi wanachoma. Vyungu vyake vitatu vikitoka salama, anabaki. Kikipasuka hata kimoja, arudi nyumbani. Mwaka mzima wa kukanda udongo! Nami nikae tu?

Jumanne, tarehe 5
Nimempelekea Fundi kuku. Nimerudi naye. Kasema udongo hauli kuku. Mwanamke mkali kama pilipili!

Jumatano, tarehe 6
Nimechungulia uani kwa Fundi. Vyungu vya mwanangu viko kivulini, vimefunikwa magunia, vibichi! Na jua kali hivi! Fundi alipokwenda kuchimba udongo nikavitoa juani, kimoja kimoja, kama vitoto. Mama ni mama.

Alhamisi, tarehe 7
Vimepasuka. Vyote! Kimoja kina ufa toka mdomoni hadi kitakoni. Nimeziba kwa uji mzito, nikavirudisha chini ya magunia. Kwa mbali havijambo.

Ijumaa, tarehe 8
Fundi kaangalia kwa karibu. Kanusa. Kauliza nani kakinywesha chungu uji, kwani kinaumwa? Kitinda, mwanangu wee, akasema ni yeye! Nyuma ya ukuta machozi yakanitoka. Nikajitokeza, nikakiri yote. Kitinda akacheka. Akafunua pipa kuukuu la pembeni: vyungu vingine vitatu, vimekauka polepole kivulini, havina hata mkwaruzo. Eti kila akifinyanga vyungu vya Fundi, hufinyanga na vingine vya akiba, avifiche mama asivifikie. Nimchape au nimkumbatie? Nimemkumbatia.

Jumamosi, tarehe 9
Vimechomwa. Vizima! Ukivigonga vinalia ngo! Kitinda anabaki. Nimepiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Fundi kaniambia, mbele ya watu, nisikanyage tena uani kwake. Nimeapa.

Jumapili, tarehe 10
Nimetulia. Nimejifunza.
Kesho Kitinda anaanza mitungi. Fundi anataka ikae kivulini majuma mawili. Majuma mawili! Na jua lote hili linamwagika bure! Uani sikanyagi, kiapo ni kiapo. Lakini ukuta wa Fundi mfupi, na baba watoto ana fimbo ndefu yenye kulabu. Daftari, nijibu upesi: kulabu itabeba mtungi, au niazime ngazi?