Ombi la Kurudishiwa Hosea kwa Hesabu ya Midomo Ishirini

Milima ya Georgia,
Novemba 1863

Kwa Kapteni Absalom Crowder,
Jeshi la Kusini, popote mlipokimbilia.

Mheshimiwa Kapteni,

Pokea heshima zangu. Naandika huku nanyonyesha, mwandiko ukipinda unisamehe. Mimi ni mke wa Hosea Teague, yule mrefu aliyekupigia kura ya ukapteni pale kinuni. Naomba umrudishe nyumbani, kwa sababu hizi:

1. Soksi. Nilimfumia jozi moja, naye anaandika kwamba anavaa kwa zamu na askari mwenzake Enos Rudd: "Leo mimi, kesho yeye." Kapteni, mimi sikuolewa na Enos Rudd.

2. Chakula. Anasema mnakula mahindi makavu na nyama ya ng'ombe "aliyekufa kwa uzee akitukimbia." Mama mkwe aliposikia alisema, "Huyo ng'ombe alikuwa na akili kuliko majenerali." Usimkamate, ni mzee.

3. Koti. Nilisokota pamba mwenyewe, nikafuma, nikatia rangi. Sasa nasikia mnashindanisha chawa kwenye sahani ya bati, na Hosea ameliweka koti kuwa dau, akashindwa. Chawa aliyeshinda alikuwa wako. Kama chawa wako ana nguvu hizo, basi chakula kipo, ila hakifiki kwa askari.

4. Bwana Penland, jirani yetu, sheria imemsamehe vita kwa kuwa ana watumwa ishirini wa kulinda. Mimi naona ndio wanaomlimia, wanaompikia na kumvua buti. Sijui nani anamlinda nani. Lakini kama dawa ni ishirini, nami nalisha midomo ishirini: watoto watatu, mama mkwe, nyumbu kipofu, kuku watatu, nguruwe wetu Keziah na vitoto vyake kumi na kimoja. Hesabu mwenyewe, ulikuwa mwalimu wetu.

Basi aje kabla baridi haijakaza. Huyu mdogo hajamwona baba yake. Juzi alimwita "baba" muuza sufuria.

Wasalimie wote huko, hata Enos, na umwambie afue soksi.

Wako mwenye heshima na usingizi,
Lavinia Teague

N.B. Kabla sijafunga barua wamekuja watu wa serikali wanaokusanya chakula cha jeshi. Wameondoka na Keziah. Nimehesabu tena, tumebaki kumi na tisa. Sheria ni sheria, kaeni na Hosea. Ila mrudishie koti. Na nyama ikifika, mkatie Hosea kipande cha paja, wala usimwambie ni nani. Alimlea humu ndani, kando ya moto.