Mwalimu wa Chumba Namba Nne

Jumanne, 8 Julai 2025
Habari kubwa! Mahakamani wanatafuta mkalimani wa Kihispania. Mwanamke mgeni amekamatwa na dawa za kulevya na hakuna anayemwelewa. Sadoki, mwongoza watalii mwenzangu, anajigamba kazi ni yake. Sadoki! Kihispania chake chote ni salamu, "ola". Mimi hata hiyo sina. Ila nina mpango: kesi ni ya dawa, basi nitajifunza maneno ya dawa tu. Mengine ya nini? Orodha ya majina yao ya mitaani nimeitoa mtandaoni. Nieve, theluji, ndiyo kokeni. Caballo, farasi, ndiyo heroini. Camello, ngamia, ndiye muuzaji.

Jumatano, 9 Julai
Ukungu wa Mlima Meru umeshuka mpaka huku mtaani kwetu Olasiti. Baridi! Nimekaa chumbani, nasoma orodha kwa sauti. Kabayo, yule farasi. Kabayo. Mtu akanisahihisha taratibu kutoka ng'ambo ya ukuta: "Kabasho." Nikamshukuru. Jirani mstaarabu.

Alhamisi, 10 Julai
Nikasema kameyo, ngamia. "Kamesho," ukuta ukajibu. Mwalimu wa bure! Nikaenda kwa Mama Swabaha, mwenye nyumba. Shikamoo, mama, jirani mpya ni nani? Akaacha kuchambua mchele. Akasema chumba namba nne hakina mtu tangu Aprili. Mpangaji, kijana wa Kizungu, aliaga anapanda Meru, hakuonekana tena. Nikasema labda karudi kimyakimya. Akanionyesha ufunguo, umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Ijumaa, 11 Julai
Usaili. Sadoki kasema "ola", kaishiwa. Zamu yangu! Nikasimama mbele ya mshtakiwa, nikatiririka: nieve, kabasho, kamesho. Akapauka. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza nani kanifundisha. Matamshi hayo ni ya kwao, akasema, na wa kwao aliyekuja naye huku ni mmoja tu, mdogo wake. Hajasikika tangu Aprili.
"Yuko wapi? Ni mzima?"
Nikajibu sauti yake ni nzuri. Akalia mpaka karani akanitoa nje. Kazi hatukupata, si mimi si Sadoki.

Jumamosi, 12 Julai
Nimewasimulia polisi, wamekuja kufungua namba nne. Kitanda, ndoo, na vumbi sakafuni, jeupe, bila alama hata moja ya mguu. Askari akagonga ukuta. Ukajibiwa, mara tatu, kutoka chumbani kwangu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, pembeni yake! Wameondoka bila kuandika kitu.

Jumapili, 13 Julai
Nimefikiri vizuri. Mwalimu kahamia kwangu, basi mimi nihamie kwake. Ukuta ni uleule. Mama Swabaha kanipa ufunguo huku amegeuza uso. Sadoki anasema nimerukwa na akili. Wivu! Mchana nimeanza Kireno, maana mshtakiwa ajaye anaweza kuwa Mbrazili. Neno la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nikasahihishwa, ila si kutoka ukutani. Kutoka kitandani, nyuma ya shingo yangu.
Afadhali. Kupitia ukuta nilikuwa sizisikii vizuri zile silabi za mwisho.