Trafo za Mzee

Leo nimeaibika, tena mbele ya ng'ombe. Wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwingine, maana nusu ya Ikolomani ilikuwa pale na kila mtu alikuwa ameinua simu.

Mnajua baba yangu haniongeleshi. Mwaka wa tatu huu, tangu nitoke kwa mume wangu nikapanga chumba Amalemba. Alisema nimemwaibisha, akafunga mdomo. Krismasi mbili zilizopita sikukanyaga kwetu Malinya. Mwaka huu mama akanipigia, akasema baba yako anazeeka, njoo tu kesho yake ya Krismasi.

Sasa utamletea nini mtu aliyekunyima salamu? Baba anapenda vitu vitamu, lakini meno ya nyuma yameisha, miwa haiwezi tena. Nikaona kwenye simu watu wakitengeneza trafo, yaani madonge madogo laini ya chokoleti, na hayahitaji oveni. (Sina oveni, kwa hivyo nikajua Mungu ananisemesha.) Jana nikaponda biskuti kwa chupa ya soda, nikachanganya na siagi, kakao na maziwa mazito ya kopo, nikafinyanga kwa viganja, nikaviringisha kwenye njugu za kusaga. Zikalala kwa friji ya jirani. Asubuhi zilikuwa nyeusi, zimeshikana vizuri. (Kusema ukweli zilifanana na mavi ya mbuzi, lakini tamu.) Sita nikazifunga kwa karatasi nikatia mkobani, za watoto wa pale nyumbani. Zilizobaki nikazipanga kwenye mkebe wa aiskrimu na kuandika juu ya kifuniko kwa kalamu nene: ZA MZEE. ASILE MTU MWINGINE.

Saa moja nilikuwa nimefika. Ilikuwa siku ya ng'ombe kupigana, boma limejaa wanaume. Nikamwinamia baba, nikamsalimia. Akaangalia paa la nyumba kana kwamba linavuja. Mama ndiye aliyeupokea mkebe, akauliza una nini. Nikamwambia trafo.

"Trabo?" akashtuka, kana kwamba nimemletea shida.

"Trafo, mama."

"Mwanangu, trabo tuko nayo ya kutosha hapa," akasema, akauweka mezani.

Nikaenda jikoni kupika chai. Niliporudi, mkebe ulikuwa mlangoni, mtupu. Kaka yangu Shisia alikuwa ananawa mikono. Nikamuuliza kama Mzee amekula.

"Amekula zote. Hata mkebe ameulamba."

"Kwa hivyo amezipenda?"

"Sana. Na vile anakataanga vitu vya watu! Hizi amemaliza, akaanza kunisukuma akitafuta zingine."

Nikazunguka nyuma ya jiko nikalia. Kwa furaha, mjue. Baba ambaye hajagusa chai yangu miaka mitatu amelamba mkebe! Nikajihesabu nimesamehewa. Nikapaka midomo rangi, nikaelekea uwanjani na mama.

Nilisimama mbele kabisa, karibu na baba, nikamtabasamia. Hakujibu. Nikasema moyoni, ameshiba. Ngoma za isukuti zilikuwa zinalia kweli kweli. Kisha Shisia akamwingiza ng'ombe wetu. Mimi nilimwacha ndama asiye na jina. Sasa alikuwa fahali wa kuogopesha. Mama alikuwa ameniambia baba humtembeza kila alfajiri, na huongea naye kuliko anavyoongea na watu. Kundi lote likaanza kumwita: "Mzee! Mzee! Mzee!"

Nikamuuliza mama wanamwita nani.

"Si ng'ombe," akasema. "Ndio jina yake. Baba yako ndio alimpatia."

Nikakumbuka nilichoandika kwenye kifuniko. Baadaye Shisia aliniambia walikuwa wanangojea dawa ya ng'ombe kutoka kwa mganga fulani wa Kabras, na dawa yake hufika hivyo hivyo, madonge meusi bila maelezo. Akaona mkebe, akasoma jina, akashukuru. Ningemlaumu, lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Wakamleta mpinzani. Mzee akamtazama mara moja. Akainua pua, akanusa. Kisha akampa mgongo na kuanza kutembea kuja kwangu. Watu wakatawanyika. Mimi nikabaki pale pale nimekumbatia mkoba. Alinijia na pembe zake zilizonolewa, akatumbukiza pua nzima ndani ya mkoba, akala za watoto pamoja na karatasi. Akanilamba mikono. Akanilamba uso. (Rangi ya midomo ikaenda naye.) Huko nyuma yule mwingine alikuwa anaparura ardhi, hana wa kupigana naye. Na sheria mnaijua: ng'ombe akigeuka, ameshindwa. Wenye yule mpinzani wakaanza kucheza. Watu wetu nao walicheka hadi wengine wakaketi kwenye nyasi.

Baba akaja polepole na fimbo yake. Akaichukua kamba kwa Shisia. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niondoke kwa yule mwanaume.

"Hata huyu umemfundisha kutoroka," akasema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu. Aligeuka akaanza kumvuta ng'ombe wake kwenda nyumbani, na Mzee kila hatua mbili alikuwa anasimama kuniangalia. Mama alinishika mkono, nikamwomba asiniambie kitu.

Sasa niko jikoni kwake nawaandikia. Kwa baba, ng'ombe aliyekimbia mbele ya watu hafugwi tena. Mchinjaji ameshakuja, amempapasa mgongo, amesema atarudi asubuhi. Baba amekaa zizini naye, hataki chai wala mtu. Nimemsikia akimwongelesha.

Kwa hivyo niliyemtengenezea trafo hakuonja hata moja, na aliyezionja anachinjwa kesho. Naombeni asicheke mtu, angalau hadi nyama iishe.