Baiskeli Yangu Iliyofungiwa kwa Ajili ya Taa

Bugene, Karagwe
Mwezi wa Rajabu, 1331

Kwa Mjomba wangu Abdulghani bin Zubeiri, mwenye duka la nguo, mzee wa msikiti, na siku hizi mlinzi wa baiskeli za watu.

Shikamoo, Mjomba. Sisi hatujambo, ila miguu inatuuma kwa sababu unayoijua. Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana nikisimama adabu itanitoka.

Tangu Ijumaa baiskeli yangu imo ghalani mwako, kati ya majora ya merikani na ngozi za ng'ombe, na umeapa haitoki mpaka nikubali kuipanda usiku nikiwa na taa. Unajua vizuri kwamba mke wangu Zuena yuko Nyaishozi kwa mama yake, anangoja kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Unajua pia kwamba mchana kutwa niko dukani. Nikimwona, ni usiku tu. Kwa hiyo pokea malalamiko yangu.

La kwanza. Unasema nilimgonga Mzee Kabyemera. Hasha! Yeye ndiye aliyekuwa katikati ya njia, amejifunika shuka jeusi, amejitwika kibuyu cha rubisi, kimya, hata kukohoa hakukohoa. Mtu mwenye pombe ya ndizi nyingi kiasi kile ana haki gani ya kutoonekana? Kibuyu kilinipasukia mimi. Nikaingia kuswali isha nikinuka kama harusi ya Wanyambo, safu nzima ikanihama, nawe ukanikodolea macho mpaka tukatoa salamu. Pole hukunipa.

La pili ni taa yenyewe. Nilikutii, Mjomba, usijisahaulishe. Nilifunga taa ya chemli kwenye usukani kama ulivyotaka. Kufika migombani, watu wakaona mwanga unakuja mbio na mshindo wa miguu hakuna. Huku kwetu mwanga wa namna hiyo ni mchawi, hakuna anayeuliza mara mbili. Yowe likapigwa nyumba hadi nyumba, wanaume wakatoka na mikuki. Nilipona kwa kuizima. Giza hilo unalolilaani ndilo lililokuachia mpwa.

La tatu. Ukaona haitoshi, ukanishonea kitambaa cha merikani mgongoni, kipya, hakijaguswa na maji, eti nionekane na wanaokuja nyuma. Mzee wa msikiti mzima! Hivi hujui ni nani huvikwa merikani mpya? Mama mkwe aliponiona natokea gizani alianza kunisomea Yasini kama maiti aliyetoka na sanda yake, na Zuena akashika tumbo. Ahsante sana kwa ushonaji.

La nne, vile vipande vya kioo ulivyofunga kwenye gurudumu. Sitaki kulizungumza. Ng'ombe wa watu bado wanatafutwa.

La tano. Kama kila kitu lazima kionekane, basi tutende haki. Migomba ipakwe chokaa, maana nayo imeshanigonga. Ng'ombe wa huku wavishwe taa, mbili kwa kila mmoja, kwa pembe zile nafasi ipo. Fisi naye aitwe, aambiwe. Na wewe Mjomba, unayekwenda msikitini alfajiri na mikono mitupu kwa kuwa eti unajulikana, uanze kuwasha taa yako. Mimi sijulikani? Kutoka Bugene mpaka Nyaishozi nani asiyeujua mlio wa mnyororo wangu?

Ombi langu ni dogo. Nirudishiwe baiskeli bila taa, bila kitambaa, bila upuuzi wowote unaong'aa, nawe utangaze sokoni kwamba usiku ninaosafiri watu wote wakae ndani tangu magharibi. Anayetaka kutoka na aje kwangu kwanza aombe ruhusa. Huo ndio usalama, na hautumii hata tone la mafuta.

Nisalimie mkeo Bi Mwaja, watoto, majirani, wote waliohama safu, na hizo ngozi zinazolala na baiskeli yangu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ninayetembea kwa miguu,
Mgeni bin Shaaban

Nyongeza: Mjomba, kabla sijaifunga barua, mtu amefika kutoka Nyaishozi. Zuena ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga hapendi anavyomwona. Jua limezama na mwezi hakuna. Ninaogopa, Mjomba. Huyu anayekuletea barua mpe baiskeli. Funga taa, na iwe imewashwa kabisa. Nipe merikani, ya mgongoni na ya kifuani, na vioo kama vimebaki. Atume Bi Mwaja watu watangulie migombani waseme ni mimi ninayepita. Nisimgonge mtu leo, wala mtu asinicheleweshe. Mtoto huyu akija duniani usiku huu, nataka anikute mzima, nimekaa karibu na mama yake.