Maneno Makubwa Kumi kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa kiwandani. Ijumaa wanakuja wanunuzi wa kigeni kuona sabuni zetu zinavyotengenezwa. Mkurugenzi anatafuta mfanyakazi mwenye Kiingereza kilichokomaa awatembeze. Atakayefanya vizuri atapewa dawati jipya la mauzo ya nje. Dawati lenye dirisha! Miaka kumi na moja nahesabu katoni kwenye stoo isiyo na hata tundu. Nafasi hiyo ni yangu.

Mpinzani ni mmoja tu: karani wa masjala, tunayemwita Kalamu Tatu kwa sababu ya mfuko wa shati lake. Alisoma tangazo akiitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba ameliandika yeye.

Mpango: nimechimbua kabatini kamusi kuukuu isiyo na jalada. Maneno makubwa kumi kwa siku. Nani ataniweza? Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa macho, amejitolea kunisaidia. Amefundisha Kiingereza miaka thelathini. Nimekataa kwa adabu. Mkwe ni wa kuamkiwa, si wa kukusomea imla.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika maneno nyumba nzima. Kioo, friji, mlango wa choo. Mke wangu ni fundi cherehani. Amegundua ameshonea kikaratasi cha "meticulous", yaani mwenye umakini mno, ndani ya pindo la gauni la mteja. Amenirushia maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote.

Kazini nikamvizia Mkurugenzi kwenye korido. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni "ubiquitous", yaani mtu anayepatikana kila mahali. Akajibu kwamba ndiyo maana kila akinitafuta stoo hanioni. Lakini alitabasamu! Au jua lilimpiga machoni. Vyovyote vile, dalili njema.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya maombi imekwenda! Nimeiandika mara nne. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu: nimesema mimi ndiye mfanyakazi aliye "redundant" kuliko wote stoo. Kamusi inasema: -ingi, -a ziada, -liozidi. Ndiyo mimi huyo! Uwezo umejaa mpaka unafurika.

Nimechungulia barua ya Kalamu Tatu mezani kwa ofisa utumishi. Mistari sita. Hakuna neno hata moja la kumtoa mtu jasho. Maskini. Nilimwonea huruma hadi nikampisha kwenye foleni ya chai.

Alhamisi, 6 Machi

Siku gani hii!

Ofisa utumishi aliniita asubuhi. Akanipokea kwa sauti ya msibani. Akasema ni wachache wenye ujasiri wa kuandika nilichoandika, na kwamba nimeurahisishia uongozi uamuzi mgumu. Akanisogezea fomu ya Kiingereza, imepigwa mhuri tayari. Cheo! Haraka hivi? Nikaomba kalamu.

Kalamu Tatu alikuwa akiingiza mafaili. Akachungulia begani kwangu, akaidaka fomu.

"Usitie sahihi, bwana! Hii ni ya kuacha kazi kwa hiari!"

Wivu mtupu, nikajua. Hata hivyo nikasema nitaisoma nyumbani.

Mama mkwe aliisoma pamoja na nakala ya barua yangu, karatasi zikikaribia kumgusa pua. Kisha akauliza taratibu kwa nini nimewaandikia wakubwa kwamba mimi ndiye nisiyehitajika kuliko wote. Kazini, alisema, hiyo ndiyo maana ya neno lile.

Miaka kumi na moja, nimeifuta kwa neno moja! Mke wangu alisimamisha cherehani. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama mkwe akavuta kiti. "Baba, sabuni unaijua?"

Nikasema naijua kama kiganja changu.

"Basi iseme kwa maneno mafupi. Anayejua kitu haogopi neno dogo."

Tumekaa saa mbili. Moto. Baridi. Kavu. Subiri. Kiingereza cha darasa la tatu! Nimevumilia kwa heshima ya ndoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemrudishia ofisa utumishi fomu bila sahihi, pamoja na barua mpya ya mstari mmoja: naomba kubaki. Akasema ataona.

Ziara akapewa Kalamu Tatu. Mimi nikaambiwa nibebe sampuli nyuma yao. Alianza vizuri, akisoma karatasi. Tulipofika chumba cha kukaushia, mgeni mmoja, mama mrefu mwenye daftari, akaokota mche wa sabuni uliopasuka, akauliza sababu. Kalamu Tatu akageuza karatasi. Akaigeuza tena. Jasho likamtiririka mpaka kwenye zile kalamu. Mkurugenzi akakohoa.

Nikajikuta nasema. Sabuni hii imekauka haraka mno. Iko karibu na dirisha. Sabuni inataka kupumzika, ukiiharakisha, inavunjika. Maneno mafupi yote, ya Mama mkwe. Mgeni akaandika! Akauliza lingine, nikajibu. Kalamu Tatu akanipa nafasi mbele, na niliona amepumua.

Ningeishia hapo. Lakini moyo ulishajaa. Tulipowaaga wageni nikamtambulisha Mkurugenzi kama kiongozi wetu "notorious". Kamusi: mwenye kujulikana sana! Yule mama akaziba mdomo kwa daftari. Mkurugenzi akanishika mkono kwa nguvu, akanishukuru mbele ya watu wote.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Wageni wameagiza shehena ya kwanza. Ofisa utumishi ameichana ile fomu mbele yangu. Dawati la dirishani ni letu sote wawili: Kalamu Tatu ataandika barua, mimi nitaeleza sabuni. Nimemshukuru kwa ya Alhamisi. Akasema hata yeye hulala na kamusi, ila hamwambii mtu. Si mtu mbaya. Nimemwachia upande wenye droo.

Nyumbani nimesimulia yote, pamoja na nilivyomsifu Mkurugenzi. Mama mkwe akaniomba nirudie lile neno. Nikarudia. Akafunika uso kwa kanga. Akaeleza kwamba mtu wa namna hiyo hujulikana kwa ubaya, kama mwizi sugu. Mke wangu sasa akacheka, mpaka akakaa sakafuni. Mama mkwe akafuta machozi, akanitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni "incorrigible".

Sikumuuliza. Nimejifungia chumbani na kamusi. Hili hapa: asiyeweza kusahihishwa.

Asiyeweza kusahihishwa! Mwalimu wa miaka thelathini ametafuta kosa kwangu, amelikosa! Jumatatu alfajiri nakwenda kwa mchonga vibao. Neno hilo, herufi za dhahabu, chini ya jina langu, pale dirishani wageni watakapoliona.