Kura Ishirini na Nne na Punje za Kahawa

Jumatatu, 13 Septemba 1965

Magoti yanauma. Yatauma zaidi Jumapili ya tarehe 26, siku ya kura, maana shule ya kupigia iko juu ya mlima. Safari iliyopita mgombea alikuwa mmoja, akapita bila kupingwa, sisi tukalala mpaka jua kali. Raha iliyoje! Sasa chama kimoja, wagombea wawili. Huyu alama yake jembe, yule nyumba. Jana walikuja kuhutubia ndani ya Landrova moja, wamebanana kama bibi harusi na shangazi yake. Walipoondoka kurudi Muleba, nyumba zangu kumi zilikuwa zimekwisha kugombana.

Nasema zangu kwa kuwa mimi ndiye mjumbe wa nyumba kumi. Kazi haina mshahara. Ina kiti. Penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mjumbe hukalia kiti na hunywa wa kwanza, wengine chini kwenye majani. Aristides, jirani yangu wa bondeni, hukitazama kiti kile mpaka namwonea huruma. Hakipati!

Jumatano, 15 Septemba

Nimepata akili! Ephrasia, mke wangu, ni wa nyumba. Mimi wa jembe. Nikamwambia tukipanda mlima wote wawili, kura yake inaiua yangu na yangu inaiua yake. Jasho la bure. Tubaki wote. Akasema tangu tuoane leo ndiyo mara ya kwanza natamka jambo la maana.

Nimehesabu nyumba zote kumi. Wapiga kura ishirini na wanne. Jembe kumi na wawili, nyumba kumi na wawili! Mungu mwenyewe kapanga.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimewaunganisha wawiliwawili, wa jembe na wa nyumba. Aristides nimempa Klaudia, yule mjane mwenye mdomo. Ili wasidanganyane nimewalisha kiapo cha kahawa, kama wazee walivyofanya omukago, udugu wa kuchanjiana damu: tunda moja, punje mbili, huyu anatafuna yake na mwenzake yake. Atakayekwenda kupiga kura, tumbo litamvimba. Damu sikutia, padri asije akasikia. Ugomvi kwisha! Nimepewa kibuyu kizima, nimekinywa kitini.

Siri ya daftari hili: siku yenyewe nitapanda mlima peke yangu. Ishirini na watatu wamelala, kura yangu moja inatawala. Tumbo? La kwangu limevimba tangu vita vya Mjerumani.

Jumatatu, 20 Septemba

Balaa. Katibu wa tawi, Privatus, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, kaja na baiskeli. Anasema safari hii watu lazima wajitokeze. Atakaa mlangoni na orodha, kila apigaye kura anawekewa alama. Mjumbe ambaye nyumba zake hazikutimia, anavuliwa ujumbe. Aristides akauliza, kwa upole mno, waitu, ndugu yetu, wakikosa wangapi ndipo mjumbe anavuliwa? Privatus akajibu hata mmoja anatosha.

Sikula. Ndizi zimepoa mbele yangu. Nimewafunga kwa mkono wangu mwenyewe, wote ishirini na watatu!

Jumanne, 21 Septemba

Nimezunguka nyumba zote nikikiri kwamba punje zilitoka matunda mbalimbali, kwa hiyo kiapo si kitu. Hakuna aliyekubali. Klaudia kasema hachezi na tumbo lake, na kama mimi, Mzee Apolinary, nimechoka kuheshimu mambo ya wazee, nikapumzike. Wengine wakaapa upya bila hata kuombwa. Aristides kaapa mara mbili, mkono juu. Sijawahi kuona watu waaminifu namna hii. Nimeogopa.

Alhamisi, 23 Septemba

Hila nyingine. Nimemnong'oneza Klaudia kwamba Aristides ana mpango wa kutoroka akapige kura. Kasema Aristides ni mtu wa Mungu. Nikashuka bondeni kumnong'oneza Aristides juu ya Klaudia. Kasema Klaudia ni mama wa heshima. Hawa hawajasalimiana mwaka wa sita!



Jumamosi, 25 Septemba

Kesho alfajiri nasimama kwenye kila mlango na fimbo. Watapanda mlima kama mbuzi wa mnada. Ephrasia kasema mlango wake nisihangaike nao, yeye atakuwa misa ya kwanza.

Jumapili, 26 Septemba

Nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kuku tu. Ya tatu, mlango umefungwa kwa kamba. Zote! Nikajua wamenikimbia. Nimewatafuta migombani nikiita majina. Mtoni hakuna mtu. Kanisani padri kaniuliza kama kuna msiba, maana misa ya kwanza alisomea mabenchi. Kwenye rubisi hata mlevi hayupo. Hapo ndipo nilipaswa kufikiri. Sikufikiri. Nilirudi mtoni.

Saa kumi na moja jioni nikapanda mlima kumwangukia Privatus. Nusu ya njia nikakutana nao wanateremka. Ishirini na watatu! Ephrasia mbele, kitambaa cha misa kichwani. Wote macho chini, kama mbuzi waliokutwa kwenye maharage.

Klaudia ndiye aliyeeleza, mdomo ule haushindwi na aibu. Kila mmoja aliondoka kabla ya kucha, kwa kichochoro chake, akidhani wengine wamelala na kura yake itatawala. Aristides alihesabu kwamba waliolala watatosha kuniangusha, na yeye, mtu wa nyumba, apate ushindi na kiti pamoja. Akajibanza nyuma ya choo cha shule asionekane. Klaudia alikuwa amekwisha kujibanza hapo. Ikabidi wasalimiane! Foleni ilizunguka shule mara mbili, vilima vyote vimehamia pale. Na waliokwisha kupiga hawakuteremka. Walisubiri kuona wenzao wakipiga, ili wajue nani mwongo zaidi.

Nikakimbia. Mimi, na magoti haya! Nikafika mlango unafungwa. Privatus akanionyesha saa yake: kumi na mbili kamili. Nikalia kwamba mimi ni mjumbe. Akasema naam, baba, anaona: kwenye orodha ya nyumba zangu kumi kila jina lina alama, isipokuwa moja.

Jumatatu, 27 Septemba

Nimevuliwa. Privatus kawapongeza watu wangu mbele yangu, kasema hajapata kuona nyumba kumi zenye mwamko kama huo. Makofi! Nami nikapiga, ningefanyaje?

Mjumbe mpya atachaguliwa kwa mstari: anayekutaka anasimama nyuma yako. Wagombea ni mimi na Aristides. Siku nitaipanga mimi ninayetoka, na kuitangaza mara tatu kwa sauti. Ndiyo kanuni. Nimemwuliza Ephrasia atasimama wapi. Kasema hajaamua.

Alhamisi, 30 Septemba

Nimewaza siku tatu. Kosa lilikuwa wingi wa watu. Wakija wote nimekwisha. Wakija wachache napita. Nikija peke yangu napita kwa kishindo! Kanuni inasema nitangaze mara tatu kwa sauti. Haisemi wapi.

Ijumaa, 1 Oktoba

Nimeingia katikati ya kibanja changu, penye migomba minene, asubuhi, umande bado. Nimetangaza: mkutano Jumanne saa nne. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu nimeipaza vizuri, nisije nikaonekana mwizi wa kanuni.

Aristides akaitika ng'ambo ya mpaka kwamba amesikia, ahsante, mzee mwenzangu, na je, aje na kiti chake au atakuta?

Nimemjibu asisumbuke. Jumanne naibadilisha. Jioni hii naingia kibanjani tena, upande wa juu, mbali na bondeni.