Maoni Yangu Juu ya Wafu Waliorudi Ofisini

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi ametangaza. Jumamosi ya tarehe 15 mwandishi wa riwaya za kutisha anakuja maktabani, na mmoja wa kundi letu la wasomaji ataketi naye jukwaani. Atachaguliwa kwa maoni bora yatakayobandikwa ubaoni. Nafasi hiyo ni yangu. Mpinzani ni mmoja tu: Daktari wa Meno, mama anayemaliza vitabu vitatu kwa wiki na kutamka neno "muundo" kana kwamba ni jina la mwanawe.

Tatizo dogo. Sijawahi kumaliza hata kimoja. Mimi nauza miwani. Nasaidia wengine wasome. Leo nimejaribu riwaya ya huyo mwandishi, ile ya wafu wanaorudi ofisini. Ukurasa wa kumi na tisa, karani aliyezikwa Ijumaa anaingia Jumatatu na kuuliza nani kakalia kiti chake. Nimekipeleka kitabu barazani, nikakifunika kwa ndoo, juu ya ndoo nikaweka jiwe. Mke wangu kauliza kama kuna panya. Nimesema yupo.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe yuko kwetu wiki mbili kwa matibabu ya macho. Miwani nimempa mwenyewe. Asubuhi kainua ndoo amuue panya, akakuta kitabu. Kufika saa saba mchana keshakimaliza, na chakula alikula vizuri tu.

Kasema wafu hawatishi, maskini ya Mungu. Anayetisha ni yule bosi aliyewapokea na kuwagawia kazi bila hata kuwapa pole.

Nimejifungia chooni na karatasi. Nimeandika neno kwa neno.

Alhamisi, 6 Machi

Ubao umezungukwa na watu. Mkutubi kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Daktari wa Meno kasema ni jambo la kwanza la maana kuandikwa na mimi. Hilo "la kwanza" sitalisahau.

Nimempelekea mama mkwe kitabu cha pili, mji ambao watu wote huota ndoto moja. Nimesema sitaki awe mpweke. Kaniita mwanangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kundi. Posta Mstaafu, mzee wa kundi letu aliyekuwa akigawa barua, kaniuliza kwa nini yule bosi analia mwishoni. Sikujua kama analia. Nimesema msomaji mwenye adabu hafichui mwisho wa kitabu. Wamenipigia makofi.

Kuhusu ndoto nimewaambia alivyosema mama mkwe: mji mzima unaota ndoto moja, na bado mwandishi hakumpata hata mtu mmoja wa kulalamika usingizini? Hajawahi kuishi na watu huyo. Hata Daktari wa Meno kaandika kwenye daftari lake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeazima nakala mbili zote za kitabu cha tatu ili Daktari wa Meno akose. Tena miwani yake mipya imefika dukani. Nimempigia simu kumwambia haijafika.

Jumanne, 11 Machi

Amepata nakala kwa dada yake. Anasoma kwa ile lenzi anayotazamia meno yaliyotoboka.

Jumatano, 12 Machi

Kitabu cha tatu ni nyumba inayomeza vyumba vyake, kimoja kila siku. Mama mkwe kasema mwandishi anaijua nyumba lakini hamjui mwenye nyumba. Mwanamke gani anapoteza jiko Jumanne, na Jumatano bado anashangaa?

Kisha kafuta miwani kwa kitenge. Kasema tangu baba mkwe afariki hakuna aliyemuuliza anafikiri nini juu ya chochote. Watu humuuliza kama amekula, kama amelala. "Wewe unaniuliza, na unaandika ninachosema."

Nilihisi kitu kifuani. Pengine njaa. Nilimwomba arudie ile ya jiko, polepole.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechaguliwa. Mama mkwe kaomba aje kesho amwone mwandishi. Nimemwambia ngazi ni nyingi na ukumbi umejaa. Kasema haya, mwanangu. Mke wangu kanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchana mama mkwe alikuwa na jino linalomsumbua. Nimefurahi, atapumzika.

Jumamosi, 15 Machi

Nilivaa koti. Mwandishi ni mama mfupi mwenye mkoba mkubwa na sauti ya upole. Kasoma maoni yangu ya jiko mbele ya watu wote, akaniuliza: kama mimi ningekuwa yule mwanamke, Jumatano ningefanya nini?

Nilikunywa maji. Nikanywa tena. Nikasema sifichui mwisho. Mwandishi kasema mwisho kauandika yeye.

Ndipo sauti ikatoka safu ya tatu. "Ningelala mlangoni. Nyumba iniambie kwanza mimi, ndipo imeze."

Mama mkwe, shavu limevimba. Pembeni yake Daktari wa Meno. Kumbe jana alimng'oa jino, na kabla ya ganzi kushika mama mkwe alimsimulia vitabu vyote vitatu, sentensi kwa sentensi. Daktari alizitambua sentensi za ubaoni, akamleta mwenyewe.

Mwandishi alimwita juu. Viti vilikuwa viwili. Nilisimama. Kishikio cha maikrofoni kikalegea, nikaambiwa niishike mimi. Nimeishika saa nzima na robo. Walicheka sana wale wawili. Mkono wangu hadi sasa haupandi.

Nyumbani mama mkwe hakunigombeza. Kaniuliza kitu kimoja tu: wakati wote ule nilikuwa nasikia alichosema, au nilikuwa nanakili? Nimesema yote mawili. Kaingia chumbani. Mke wangu kasema mama yake haondoki tena hapa, na kuanzia sasa ubaoni litakaa jina lake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempelekea Daktari wa Meno miwani yake na kuomba radhi. Kaivaa, kanitazama, kasema sasa ananiona vizuri.

Nimekaa nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: riwaya. Riwaya ina mwisho, na watu wanauulizia. Mkutubi anaanzisha kundi la ushairi mwezi ujao, na shairi halina mwisho wa kuulizwa. Mjomba wa mke wangu ana mashairi elfu kichwani na anaishi peke yake. Nimempigia simu. Nimesema aje akae nasi, undugu ni kutembeleana. Amelia kwa furaha.

Nimeshamtandikia kitanda. Kalamu nimenunua mbili.